Sababu za Jabiri

Siku ya tisa tangu Lulu afungwe meno kwa waya, Restuta alibisha hodi akiwa na trei ya mayai mkononi na swali lililokuwa likimwasha ulimi.

"Mbukwenyi humu ndani!" alisalimu kwa Kigogo.

"Karibu, Mama Stanley," alisema Arafa, ingawa moyoni hakumkaribisha. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa anachuja uji wa ulezi kwa kitambaa, mara ya tatu sasa, maana chenga moja tu ikibaki inaziba mrija, na mrija ukiziba mwanawe analala na njaa. Taya la Lulu lilikuwa limepasuka mahali pawili. Daktari aliyakaza meno ya chini na ya juu pamoja, akaagiza asitafune kitu kwa wiki sita. Lulu akisema, sauti yake ilipenya kwenye nyufa za meno na puani, na asiyemzoea aliambulia mvumo tu. Arafa alikuwa ameshamzoea.

Restuta alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta hapo Nkuhungu, mjini Dodoma, mtu wa misiba na harusi, hakosekani. Aliweka mayai chini, akamtazama Lulu aliyeketi mkekani na kikombe chake, akatikisa kichwa.

"Pole, mwanangu. Haya mabafu ya vigae ni ya kuogopa."

"Si bafu," alisema Arafa.

"Najua, Mama Lulu. Nasema tu kwa kuwa ndivyo walivyoandika hospitali."

Ndivyo walivyoandika, kweli. Abdulswamadu, mume wa Lulu, ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyejibu kila swali: ameteleza bafuni, ameangukia ndoo. Lulu kinywa kilikuwa kimejaa damu. Daktari alimwangalia mgonjwa, akaiangalia mikono ya mume, akaandika bafu.

"Mayai utamvurugia kwenye uji," Restuta aliendelea, akavuta kigoda. "Enhe. Kile kipande kipya cha Jabiri, Baba Lulu amekimaliza? Maana juzi ametuacha pabaya, mke ametoroka, Jabiri analia mvuani. Sijalala mie."

Jabiri alikuwa mwanamume wa kwenye tamthilia ya Kituruki. Jina lake la kwao lilikuwa refu, likamshinda Makame, mume wa Arafa, aliyekuwa akiitia tamthilia hiyo maneno ya Kiswahili na kuionyesha alasiri kwenye banda lake la video. Akambatiza Jabiri, na mtaa mzima ukamjua kwa jina hilo. Wanawake walikuwa wakifunga genge mapema ili wasimkose.

"Mama Stanley," alisema Arafa, "huyo Jabiri wenu si ndiye aliyemfungia mkewe stoo siku tatu bila maji?"

"Alimfungia, ndiyo. Lakini na wewe angalia kilichomfanya. Mtu amelelewa na mama wa kambo anayemnyima chakula, unategemea awe malaika? Na yule mke mdomo anao, tusidanganyane. Halafu nani aliyemlipia yule mtoto wa jirani operesheni ya moyo? Si Jabiri? Mtu mbaya analipia mtoto wa watu operesheni?"

"Na mama mkwe aliyemsukuma ngazini?"

"Aliteleza yule."

"Tulimwona anamsukuma."

"Alimgusa. Bibi akateleza." Restuta alishusha sauti kama anayetoa siri ya ndoa yake mwenyewe. "Na macho yale, Mama Lulu! Mtu mwenye macho yale hana ubaya wa ndani. Ubaya wake wa juu juu tu."

Lulu aliacha kunyonya uji. Alimtazama yule mama aliyekuwa akimtuma sukari dukani tangu akiwa darasa la pili, kisha akakigeuza kichwa chake polepole ukutani.  Arafa alimwambia jirani yake asante kwa mayai, akamsindikiza mpaka getini, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na alijichukia kila hatua.

*

Chumba cha Makame cha kazi kilikuwa nyuma, kimezungushiwa magodoro chakavu na mablanketi ili kelele za bodaboda zisiingie. Ndani mlikuwa na kompyuta, kipaza sauti kilichovikwa soksi, na joto la kuivisha mkate. Makame hakujua Kituruki hata cha kuombea maji. Alikuwa akisoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha, akakishika nusu, nusu nyingine akaitia mwenyewe. Ila sauti alipewa. Nzito, ya kubembeleza, sauti ya mtu anayekufunika shuka. Kwa sauti hiyo alikuwa mume, mke, daktari, hakimu na mtoto anayelia, wote yeye.

Arafa aliingia bila kubisha. Kwenye kioo Jabiri alikuwa amesimama juu ya mkewe, mke yuko chini, mdomo unatoka damu. Makame alikuwa ameinamia kipaza sauti, macho ameyafumba.

"Sikukupiga wewe," alisema Makame, taratibu, kila neno limepakwa asali. "Nimeupiga woga wangu wa kukupoteza."

Akasimamisha picha, akageuka, uso unang'aa. "Hii ni marudio ya ile sehemu maarufu. Watu wameiomba. Wameiweka mpaka kwenye simu zao, unasikia? Kuna bwana harusi ameitaja kwenye sherehe yake kule mtaa wa Kikuyu."

Arafa aliinama akasoma maandishi chini ya picha. Alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake hakikuwa cha kutupa. "Hapa pameandikwa 'futa hiyo damu sakafuni.'"

"Najua."

"Basi woga wa kupoteza umeutoa wapi?"

Makame alicheka kidogo, kicheko cha fundi anayemweleza mteja. "Mama Lulu, mwanzo nilikuwa natafsiri kama ilivyo. Umesahau? Mama Stanley na wenzake walinijia juu, wakasema nimewaharibia Jabiri wao. Watu hawaachi shughuli zao waje kumsikiliza mtu anaamrisha damu ifutwe. Wanampenda. Mtu wakimpenda, lazima umpe sababu. Nisipompa mimi, watampa wenyewe."

"Mwanao yuko mkekani hapo nje ananyonya uji kwa mrija."

"Sasa Lulu anaingiaje humu?" Makame alikunja uso, kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la somo asilosoma. "Hii ni michezo. Ya Lulu tutayamaliza kesho kwenye kikao. Mzee Abubakari anatoka Kondoa maalumu. Swamadu amelia kwenye simu, kijana wa watu. Amelia kweli."

"Lulu hataki kurudi. Ameniambia, na wewe nimekwambia."

"Tutasikilizana kesho," alisema Makame, akarudisha masikioni vidude vyake vya kusikilizia.

Arafa alibaki amesimama nyuma yake. Ilimjia kwamba miaka ishirini na mitatu iliyopita sauti ileile ndiyo iliyomtoa kwao, na kwamba hajawahi hata siku moja kujua ni wapi ndani ya sauti hiyo mumewe anakaa. Aliufunga mlango, akaenda kusaga ulezi.

*

Kikao kilikaa Jumamosi baada ya swala ya alasiri, sebuleni. Restuta alileta viti vinne vya plastiki, akakalia kimoja. Mzee Abubakari, baba mdogo wa Abdulswamadu, mfanyabiashara wa alizeti, alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na mfuko wa sukari kilo tano. Abdulswamadu aliingia nyuma yake ameinamisha kichwa. Alikuwa kijana mrefu, mzuri wa sura, fundi wa madirisha ya aluminiamu, na kazi hazikumpungukia na nyumba zinavyoota Dodoma siku hizi. Alimwendea Arafa, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Arafa aliutazama mkono ulionyooshwa. Vifundo vilikuwa vimepona. "Marahaba," alisema, kwa kuwa ulimi una mazoea yake, ila mkono hakuupokea. Restuta aliliona hilo, akaguna.

Mzee Abubakari alifungua kwa dua, akasema vyombo vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Akasema kijana wake hanywi, havuti, swala tano hazimpiti. Kwamba baba yake alifariki kijana akiwa na miaka sita, akalelewa kwa taabu, leo ndiye anayemtunza mama yake na wadogo zake watatu. "Sasa mtu wa namna hiyo," alisema, "akiteleza mara moja, utamtupa?"

"Hawezi kuwa mbaya wa ndani," alinong'ona Restuta, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Na binti naye, tuseme ukweli," mzee aliendelea, "alimcheka mumewe mbele ya vijana wake wa kazi. Madirisha sita yalikatwa mafupi, mwenye nyumba ameyarudisha, mwanamume amechanganyikiwa, na mke aliyeleta chakula anasema 'si ungepima mara mbili'. Mbele za watu! Sisemi alistahili. Nasema tu kila jambo lina chanzo."

Lulu alikuwa ameketi pembeni ya mama yake, ushungi umefungwa mpaka kidevuni kuficha uvimbe.  Arafa aliukamata mkono wake.

"Swamadu, sema mwenyewe," alisema Makame, kwa upole.

Abdulswamadu alisimama katikati ya sebule. Alikohoa, akaweka kiganja kifuani. Alimtazama Lulu, macho yameloa, na Arafa akaona kwamba machozi yale ni ya kweli, na hilo likamtia kinyaa kuliko yangekuwa ya uongo.

"Baba, mama," alisema. "Lulu anajua ninavyompenda. Mimi sikumpiga yeye. Niliupiga woga wangu..."

"...wa kumpoteza," alimalizia Restuta, mkono mdomoni, machozi yameanza kumtoka. "Ee Mungu wangu."

Mzee Abubakari alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia hekima mpya, maana yeye alikuwa mtu wa Kondoa, hakuwahi kuingia kwenye banda la Makame.

Hapo ndipo Arafa alipomwangalia mumewe. Alitaka kuona uso wa baba aliyeshikwa pabaya. Alitaka aone hata aibu kidogo, robo tu ya aibu, ingemtosha kwa miaka iliyobaki. Aliona tabasamu. Halikuwa kubwa. Lilikaa pembeni mwa mdomo, lilelile lililomjia Makame kila aliposikiliza kazi yake ikirudi masikioni bila dosari. Mtu alikuwa amesimama sebuleni kwake anaeleza jinsi alivyomvunja binti yake taya, na Makame alikuwa anasikia jinsi sentensi ilivyokaa vizuri.

Arafa alifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Basi," alisema Mzee Abubakari, "tumsikie na binti, ili tumalize. Gari langu linaondoka saa kumi na mbili."

Lulu aliinua uso. Alisema, meno yamekazana, maneno yakitoka yamepondwa. Arafa aliyasikia yote: *Sirudi kwake. Ataniua.*

"Anasemaje?" aliuliza mzee, akitega sikio.

"Sijashika," alisema Restuta.

"Tumwulize mtaalamu," alisema Abdulswamadu, akijaribu kuchekesha. "Baba ndiye mkalimani wetu."

Wakacheka, kicheko kidogo cha watu wanaotamani hewa, na wote wakamgeukia Makame. Makame alimtazama binti yake. Alikuwa amesikia. Arafa alijua amesikia, kwa kuwa aliyaondoa macho upesi. Akamtazama mzee na kanzu yake, sukari mezani, viti vya kuazima, kijana anayelia. Sauti ilipotoka ilikuwa ileile ya chumba cha magodoro.

"Anasema moyo wake bado una jeraha," alisema Makame. "Anasema jeraha la mpenzi huponywa na mpenzi. Amesamehe."

"Alhamdulillahi!" alisema Mzee Abubakari, akapiga paja. Restuta alianza kigelegele, akakikata katikati kwa heshima ya kikao. Abdulswamadu alipiga hatua moja kumwendea mkewe, mikono ameifungua.

"Amesema harudi," alisema Arafa.

Hakupaza sauti. Lakini mikono ya Abdulswamadu ilibaki hewani.

"Mama Lulu," alisema Makame, "maneno ya mtoto hayasikiki vizuri."

"Umeyasikia."

"Mama, tulia," alisema Mzee Abubakari. "Baba mtu ameshasema. Ndiye mwenye neno la mwisho kwa binti yake."

Lulu alisimama. Aliufungua ushungi, akauacha uanguke mabegani, na kwa mara ya kwanza wageni wakaliona taya lilivyo: rangi ya zambarau iliyoiva kuelekea njano, na shavu moja limevimba mpaka jicho likapungua. Alikwenda akasimama mbele ya baba yake. Akaivuta midomo kwa vidole viwili, juu na chini, mpaka waya wote ukaonekana, na utelezi wenye damu ukamshuka kidevuni ukadondokea zulia.

"Si," alisema Lulu. "Ru. Di."

Hakuna aliyeuliza amesemaje.

Makame alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Arafa amjue, hakikutoka kitu.

"Haya, mmeona wenyewe," alisema Restuta hatimaye, akikusanya kanga yake, na machozi ya huruma yalikuwa yameshamkauka. "Mie sipendi kusema. Lakini kiburi hicho ndicho kinachowakosesha wenzetu uvumilivu. Mtu anakulilia mbele ya wazee, unamtemea mate?"

Arafa alimgeukia. Alikuwa na maneno mengi, ya miaka, na mengine yasingefaa mbele ya kanzu. Akaona si wakati wake. "Viti vyako, Mama Stanley," alisema tu. "Usivisahau."

*

Makame aliwakimbilia getini. Arafa alikuwa ameshasimamisha bajaji, Lulu ameshaingia, kitambaa kimeshikwa chini ya kidevu.

"Mama Lulu, nilitaka watu waondoke kwa amani. Basi. Wakishaondoka, Lulu angebaki kwetu hata mwezi, nani angejua? Nilikuwa natuliza."

"Ulitabasamu," alisema Arafa.

"Nini?"

"Aliposema maneno yako. Mwanamume ameyachukua maneno yako kufutia damu ya mwanao, na wewe ulitabasamu."

Makame alijishika mdomo, kama anayetafuta kitu alichokiangusha hapo. "Sikujua," alisema, na pengine hakujua kweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Huko bandani watu walikuwa wameanza kujipanga, na mtu mmoja alimwita kwa sauti, Baba Lulu, tufungulie, jua kali huku.

"Nenda," alisema Arafa. "Wanakusubiri."

*

Kituoni polisi waliwaelekeza chumba cha mwisho, kwenye dawati la wanawake na watoto. Askari aliyekuwapo alikuwa dada wa makamo, miwani imemshuka puani, fomu mbele yake. Aliwapa viti. Alimtazama Lulu kwa muda kabla ya kushika kalamu.

"Hii fomu ya polisi ilitakiwa ijazwe kabla ya matibabu," alisema. "Hospitali walisema nini?"

"Bafu," alisema Arafa.

"Aha. Sasa, nini kilitokea?"

Arafa alivuta pumzi. Njia nzima kutoka Nkuhungu alikuwa akiyapanga maneno. Alishayasuka vizuri, yana mwanzo na mwisho, angesema mwanangu ni mpole, angesema hajawahi kumjibu mtu, lile la kucheka mbele ya mafundi angeliruka, maana askari naye ni binadamu, anaweza akasema kila jambo lina chanzo. Alifungua mdomo. Na akalisikia neno la kwanza ulimini mwake, laini, limeshapakwa utamu ili likubalike.

Akaufumba.

"Namuuliza yeye, mama," alisema askari. "Binti, taratibu tu. Nani amekufanya hivi?"

"Mume wangu," alisema Lulu.

Askari alisogeza kiti mbele, akainama mpaka miwani ikakaribia kumgusa. "Rudia, mwanangu."

"Mume wangu."

Akaandika. "Anaitwa nani?"

Lulu alilitamka. Lilikuwa jina refu kwa mtu mwenye meno yaliyofungwa, likatoka limepondeka, herufi za katikati zimepotelea kwenye waya. Askari alikunja uso, akaandika nusu, akaishia hapo. "Abdul nani?" Akamtazama Arafa, kalamu tayari.

Arafa alikaa kimya. Aliitazama ile kalamu, kisha akamgeuzia Lulu uso.

Lulu alilirudia. Mate yalimtoka, akayafuta. Askari alitikisa kichwa kwamba bado. Basi Lulu alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akalisema kwa mara ya tatu, kipande kwa kipande, kwa uchungu, mpaka mwisho wake, na askari akaliandika lote.